Daktari ni nani kisheria, na kwa nini jina hilo linalindwa

Simama jioni kwenye duka la dawa lolote Mbagala Rangi Tatu, muda ule watu wanashuka kwenye daladala wakirudi makwao. "Dokta, naomba dawa ya mafua." "Dokta, mwanangu anaharisha tangu jana, nimpe nini?" Anayeitwa dokta ni binti wa miaka ishirini na kitu. Amesomea utoaji wa dawa na kazi yake anaijua, ila hajajiita daktari hata mara moja. Ameitwa. Hatua chache kutoka hapo, kwenye nguzo ya umeme, pamebandikwa karatasi: Dokta fulani, bingwa wa nguvu za kiume, kisukari, presha na uzazi, piga namba hii. Huyo amejiita. Mtaani wote wawili ni dokta, lakini mbele ya sheria wako mbalimbali kabisa, na tofauti kati yao inaweza kumgharimu mtu figo.

Kila zinapotoka habari za "daktari feki" aliyekamatwa akizunguka wodini na koti jeupe, mjadala huzuka upya. Kuna anayeuliza mbona mheshimiwa fulani anaandikwa Dkt. na hajawahi kushika sindano. Mwingine anasema aliyemtibu kwenye zahanati ya mtaani ni tabibu tu, basi naye ni feki. Mwingine anaona yote haya ni wivu wa wasomi wanaolinda maslahi yao. Hapo yamechanganywa mambo kadhaa yasiyohusiana, na anayeumia na mchanganyiko huo ni mgonjwa.

Tuanze na maana. Cheo cha kitaaluma kinacholindwa ni jina la kazi ambalo sheria imekataza mtu kulitumia mpaka awe amesajiliwa na baraza la taaluma hiyo. Baraza ni chombo kilichoundwa na sheria, kina Msajili, kinatunza rejista ya majina, na kina mamlaka ya kumwita mtaalamu, kumhoji, kumsimamisha na hata kumfuta. Baraza si chama. Chama cha Madaktari Tanzania, MAT, ni umoja wa madaktari wenyewe, na ni haki yake kutetea mishahara na mazingira ya kazi ya wanachama wake. Baraza limewekwa kwa ajili ya wewe unayetibiwa. Watu wengi hupeleka malalamiko kwenye chama, kisha hushangaa kuona hakuna aliyefutwa.

Sasa hilo la Dkt., maana ndilo linalowavuruga wengi. Hayati Dkt. John Magufuli alikuwa mtu wa kemia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku shahada ya uzamivu (PhD) mwaka 2009. Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alitunukiwa na chuo hichohicho shahada ya uzamivu ya heshima mwaka 2022. Dkt. Hussein Mwinyi, Rais wa Zanzibar, ni daktari wa tiba aliyesomea kutibu watu kabla hajaingia kwenye siasa. Wote watatu gazeti litawaandika Dkt., na halijakosea. Wawili wa kwanza wana cheo cha kielimu kinachotolewa na chuo kikuu. Kinasema mtu amefika wapi kitaaluma au ameheshimiwa kwa lipi, na hakimpi mtu ruhusa ya kuandika dawa hata ya minyoo. Cheo cha daktari wa tiba kinasimamiwa na baraza, na ndicho ambacho kukitumia bila usajili ni kosa la jinai. Kwa hiyo anayesema "mwenye uzamivu wa historia asiitwe Dkt." hana hoja. Hoja inaanza pale huyo mwanahistoria anapofungua chumba Kinondoni na kuanza kupima watu presha na kuwaandikia vidonge.

Njia ya kufikia cheo hicho ina hatua ambazo ni rahisi kuzichanganya, na hapa mfano wa dereva utatusaidia. Mtu anasoma chuo cha udereva anapata cheti. Cheti hicho hakimruhusu kuingia barabarani. Anahitaji leseni, na leseni ina madaraja, aliyepewa ya pikipiki hawezi kuendesha basi la abiria. Leseni yenyewe ina mwisho wake, inahuishwa. Tena basi nalo lina kibali chake, kisichohusiana na ujuzi wa dereva. Udaktari uko vivyo hivyo. Mwanafunzi anasoma miaka 5 Muhimbili, Bugando, KCMC, Kairuki au kwingineko, anapata shahada. Hiyo ni cheti. Kisha anafanya mwaka mmoja wa utarajali hospitalini chini ya usimamizi, akiwa na usajili wa muda. Akimaliza ndipo anasajiliwa kikamilifu na kupewa leseni ya kutoa huduma, ambayo lazima aihuishe huku akionyesha kwamba anaendelea kujifunza. Akitaka kuitwa bingwa, anarudi shuleni miaka mingine 3 au zaidi, kisha anasajiliwa kwa ubingwa wake. Juu ya hapo kuna bingwa bobezi. Na jengo anamofanyia kazi nalo lina usajili wake peke yake.

Kutokana na mpangilio huo utaelewa jambo linalowashangaza wengi: daktari aliyefutwa na baraza bado anabaki na shahada yake. Chuo hakimnyang'anyi. Anaweza kuitundika sebuleni mpaka uzeeni, lakini hawezi kukutibu.

Kwa Tanzania Bara, chombo cha madaktari kinaitwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Jina hilo huwafanya watu wadhani ni masalia ya ukoloni yaliyosahaulika, kumbe sababu ni kwamba afya si jambo la Muungano. Zanzibar wana baraza lao. Sheria inayolipa nguvu sasa ni Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao chini ya sheria ya 2010, wafamasia chini ya sheria ya 2011. Wataalamu wa maabara, wa radiolojia na wa optometria (upimaji wa macho na miwani) walipata sheria zao mwaka 2007. Waganga wa tiba asili na tiba mbadala wametambuliwa na sheria tangu 2002 na wana baraza lao pia. Huna haja ya kuikariri miaka hiyo. Lililo muhimu ni kwamba kila taaluma ina mlango wake, na aliyepita mlango mmoja hawezi kutumia jina la mlango mwingine. Mganga wa tiba asili aliyesajiliwa ni mganga halali wa tiba asili. Usajili huo haumfanyi bingwa wa figo.

Hapa lazima nimtetee tabibu, kwa sababu kila msako wa madaktari feki unapopamba moto, yeye hupigwa mawe bila kosa. Tabibu amesoma stashahada ya miaka 3, anatambuliwa na sheria ileile ya 2017, na ndiye aliyeshikilia zahanati nyingi za nchi hii, mjini na vijijini. Juu yake kuna daktari msaidizi, tabibu aliyeongeza masomo, na kwa miongo mingi kundi hili ndilo lililofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kujifungua katika hospitali za wilaya. Wapo Watanzania wengi sana waliozaliwa kwa mikono yao. Tabibu anayekwambia "mimi ni tabibu, hili limenizidi, nakuandikia rufaa uende Hospitali ya Amana" ameitendea taaluma yake haki kuliko yeyote. Anayeharibu ni yule tabibu anayeacha neno "bingwa" liandikwe mlangoni kwake kwa sababu linaleta wateja. Elimu yake ni ya kweli na leseni yake ni ya kweli, ila jina alilolibandika si lake.

Hilo ndilo kosa ambalo sheria inalitazama hasa: kujitambulisha. Mama mmoja akikuita dokta kwa heshima, hujavunja sheria. Ukiandika wewe mwenyewe kwenye bango, kwenye kadi, kwenye muhuri, au ukikaa kimya mtu anapokupa mwili wake akiamini wewe ni daktari na wewe unaendelea kumkata au kumdunga, hapo umeingia penyewe. Adhabu ni faini au kifungo, au vyote viwili.

Kuna nchi zinazolinda jina peke yake na kuiacha kazi wazi, na kuna zinazolinda vyote. Uingereza ndiyo mfano mzuri wa njia ya kwanza. Sheria yao ya udaktari ya mwaka 1858, iliyoanzisha baraza lao, ilieleza mwanzoni kabisa sababu ya kutungwa kwake: watu wanaohitaji tiba wapate kumtofautisha aliyehitimu na asiyehitimu. Haikumkataza kila mtu mwingine asitibu. Ilimkataza asijifanye amesajiliwa. Mpaka leo huko jina la mwanasaikolojia wa tiba linalindwa, lakini la mshauri nasaha liko wazi, yeyote anaweza kulitumia. Sisi tumekwenda mbali zaidi kwa taaluma kubwa: huruhusiwi kujiita daktari, na huruhusiwi kufanya kazi ya daktari hata kama umejipa jina jingine. Naona hilo ni sahihi kwa mazingira yetu. Mtu wa Tandale aliyeshikwa na maumivu usiku hana nafasi ya kwenda kulinganisha maana za vyeo. Anahitaji kujua kwamba anayeshika sindano ameruhusiwa kuishika.

Na wasiofuatilia wasidhani mkanganyiko huu ni wetu peke yetu kwa sababu ya umaskini. Uingereza hiyohiyo imekuwa na mvutano mkubwa kuhusu kundi la wahudumu waliosoma miaka michache baada ya shahada nyingine na kupewa jina la "physician associate", lililowafanya wagonjwa wawadhanie madaktari. Tathmini iliyoongozwa na Profesa Gillian Leng, iliyotolewa Julai 2025, ilipendekeza wabadilishiwe jina liseme wazi kwamba wao ni wasaidizi. Watu hao walikuwa na mafunzo na ajira halali. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa jina, na jina peke yake lilitosha kuwafanya wagonjwa wasijue wamehudumiwa na nani.

Ishara zinazotudanganya

Koti jeupe huvaliwa na mwanafunzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, muuzaji wa vipodozi Kariakoo, na kila aliye na fedha ya kununua kitambaa. Halithibitishi chochote. Kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo kikining'inia shingoni ni hivyohivyo, kinauzwa dukani na muuzaji haulizi unakipeleka wapi.

Kibaya zaidi ni ukuta. Ukiingia kwenye kliniki ndogo au duka la dawa, tazama fremu zilizotundikwa nyuma ya kaunta. Mara nyingi utakuta cheti cha mlipakodi cha TRA, usajili wa jina la biashara wa BRELA, na leseni ya biashara ya halmashauri. Zina mihuri, zina nembo ya taifa, zinang'aa, na mgonjwa anaridhika. Sasa zisome. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayosema mwenye biashara amesomea nini. Zinasema analipa kodi, biashara yake ina jina, na manispaa imemruhusu kufungua mlango. Mwenye duka la nguo Mchikichini anazo zilezile. Unachotafuta ni karatasi ya baraza la taaluma, yenye jina la mtu, na mwaka ambao leseni hiyo inaishia. Na jina hilo liwe la huyo aliyekaa mbele yako. Mtindo wa kuazima cheti cha daktari aliye mkoa mwingine, kikatundikwa ukutani huku anayetibu ni mtu tofauti, unajulikana na kila mtu aliyefanya kazi kwenye sekta hii.

Namba ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwenye chupa ya dawa inahusu dawa. Inasema bidhaa imesajiliwa, haisemi kitu kuhusu ujuzi wa anayekuuzia. Wauzaji wa mitandaoni wanalijua hili vizuri na wanalitumia: wanaonyesha namba hiyo kama uthibitisho kwamba wao wenyewe ni wataalamu.

Wapo wanaosema, "Nilitibiwa hospitali kubwa, hapo hawawezi kuingiza feki." Waliowahi kukamatwa wakijifanya madaktari wamekamatwa hata kwenye hospitali kubwa, kwa sababu penye watu wengi ndipo ni rahisi kujichanganya. Jamaa wa mgonjwa akiwa korido ana wasiwasi, akatokea mtu na koti akasema "nipeni elfu hamsini nimwingize ndugu yenu theatre leo", hawamuulizi yeye ni nani. Wanatafuta elfu hamsini.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, na mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Tangu hapo jiji limejaa kliniki kila kona, jambo jema kwa sababu foleni za hospitali za serikali sote tunazijua. Ila zamani swali la nani ni daktari lilijibiwa zaidi na mwajiri, serikali au misheni. Leo mtu anaweza kujiajiri kwenye chumba cha nyumba yake, na hapo rejista ya baraza inakuwa kitu cha pekee kilichosimama kati ya mgonjwa na tapeli.

Kwa hiyo lile neno kwamba sheria hizi zinawalinda madaktari wasipate washindani, silikubali. Ni kweli daktari aliyesoma miaka mingi ananufaika jina lake lisipochafuliwa. Lakini daktari akikosa mgonjwa mmoja kwa sababu ya tapeli, hasara yake ni ada ya siku hiyo. Mgonjwa aliyenyweshwa mchanganyiko wa steroidi kwa miezi akiambiwa ni dawa ya pumu anapoteza mifupa, sukari inapanda, na siku akifika Muhimbili anaambiwa amechelewa.

Majina yanayokwepa

Wajanja wa siku hizi hawajiiti madaktari. Wameshajua jina hilo lina polisi. Wanajiita mshauri wa afya, mtaalamu wa afya ya uzazi, kocha wa lishe, balozi wa tiba lishe, au jina tu na herufi za Dr mbele ya akaunti ya Instagram pasipo kusema ni dokta wa nini. Majina haya yanasikika mazito na hayana rejista nyuma yake. Ukimuuliza "umesajiliwa na baraza gani?" atajibu kwamba ana vyeti vya kampuni inayomuuzia virutubisho. Si kila anayetumia jina la namna hiyo ni mwongo. Wapo waliosoma kweli na wanaelimisha vizuri. Tofauti ni kwamba aliyesoma kweli hukwambia bila kusita: mimi ni muuguzi, mimi ni mfamasia, mimi ni ofisa lishe wa hospitali fulani. Anayezungukazunguka swali hilo, achana naye kabla hujatuma fedha.

Kuuliza kwenyewe kunatutia aibu, nalielewa hilo. Tumelelewa kumnyamazia mkubwa, na daktari kwetu ni mkubwa hata akiwa na umri wa mjukuu wako. Lakini ipo njia ya heshima. Ukiwa na daftari la mgonjwa mkononi, sema: "Samahani daktari, naomba jina lako kamili na cheo chako niandike hapa, ili nikienda kwingine wajue nani ameniona." Mtaalamu wa kweli ataandika, mara nyingi na namba yake ya usajili. Kisha jina hilo unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya baraza husika au kuuliza ofisi ya Msajili. Angalia mambo mawili: kama yumo, na kama leseni yake haijaisha. Kama ni bingwa, angalia pia kama amesajiliwa kwa ubingwa huo aliokutajia, maana daktari wa kawaida kujipandisha kuwa bingwa nako ni kutumia jina lisilo lako.

Mtarajali na mwanafunzi wakikuhudumia hospitali za kufundishia, hakuna ubaya wowote. Ndivyo madaktari wanavyopatikana. Una haki tu ya kuambiwa huyu bado anajifunza, na nani anamsimamia.

Ukigundua umetibiwa na mtu asiyekuwemo kwenye rejista, hilo ni suala la polisi, na baraza pia lijulishwe. Akiwemo lakini amekosea au amejipa cheo kisicho chake, andikia baraza lake: la madaktari kwa daktari na tabibu, la wauguzi kwa muuguzi, la famasi kwa duka la dawa. Andika tarehe, mahali, jina alilojitambulisha nalo na alichokufanyia. Ambatisha nakala ya daftari, risiti, picha ya bango au ya ukurasa wake wa mtandaoni, na karatasi ya vipimo kama ipo. Piga picha bango mapema, kwa sababu mtu akisikia anafuatiliwa jambo la kwanza analofanya ni kulibandua.